Maji ya Juu na Haki ya Aliye Chini

Risala hii ndogo yahusu jambo ambalo watu huliona duni kwa kuwa ni la chooni, na hali mna haki za watu ndani yake.

Hapana mtoto wa pwani aliyesoma Safina chuoni ambaye hakufundishwa hukumu ya maji machache na maji mengi. Maji yasiyofikia kullateni, yaani ratili 500 za Baghdadi, ambazo kwa vipimo vya leo ni kiasi cha lita 200 na kidogo, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Na yaliyofikia kiasi hicho au kukipita hayanajisiki illa yabadilike rangi au tamu au harufu. Hukumu hii ni nyepesi kuhifadhiwa, na wengi huishia hapo. Walakini liko suala ambalo wepesi huo umewafanya watu walipite bila ya kulitazama: mtu akiuondoa uchafu nyumbani kwake akautia katika maji mengi yaendayo, naye ana yakini kuwa maji hayo hayatanajisika kwa sehemu yake, je, amejitahirisha, au amemdhulumu aliye chini yake?

Mtu wa Malindi au Mambrui huuona Mto Sabaki unapoingia baharini, na huenda asiufuate kwa fikira zake kurudi juu. Mto huo kabla ya kuitwa Sabaki huitwa Galana, na kabla ya Galana ni Athi. Na huo Athi, mashariki ya Nairobi, hupokea Mto Nairobi uliokwisha kupita katikati ya mji. Ni njia moja ya maji, kichwa chake kiko bara karibu na mji mkuu na mdomo wake uko pwani. Tena kando ya Sabaki, pahala paitwapo Baricho, vimechimbwa visima ambavyo maji yake hupelekwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 4,397,073 mjini Nairobi. Watu hao wote hukoga, hufua, huosha vyombo na kwenda choo kila siku ipitayo. Nao wako juu ya mto, na pwani iko chini.

Ikiwa mtu wa mji huo atasema: Langu ni ndoo moja, na mto ni maji yasiyohesabika, ndoo moja haimdhuru mtu, basi sina dhambi. Maneno haya yana sura ya haki, na asiyeyatia maanani atashindwa kuyajibu. Ni kweli kwamba ndoo moja haimdhuru mtu. Na ni kweli kwamba Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, alipoeleza katazo la Mtume (S.A.W.) la kukojoa ndani ya maji yaliyosimama, alipambanua baina ya maji machache na mengi, na baina ya yaendayo na yaliyotuama, wala hakuyapa yote uzito mmoja, katika maji mengi yaendayo hakuona uharamu, ingawa alisema kuepuka ni bora.

Lakini yafaa kutazama hukumu hiyo imejengwa juu ya nini. Imejengwa juu ya mtu mmoja na mto. Wepesi umekuja kwa sababu mto wachukua. Na hukumu huenda pamoja na illa yake, ikiwapo huwapo, ikiondoka huondoka. Watu milioni nne na zaidi wakitoa kila mmoja ndoo yake, na kila mmoja akisema kwa ukweli kuwa yake haidhuru, mto hauchukui tena. Mto Nairobi upitapo mjini hubadilika rangi na harufu, jambo ambalo avukaye daraja zake hulijua kwa pua kabla ya jicho. Basi kwa hukumu ile ile ya Safina maji hayo ni najisi, nayo ni kullateni kwa maelfu. Hapana hata mmoja aliyeyanajisi, na yamenajisika. Hapa ndipo penye mushkeli wenyewe: dhuluma isiyo na mwenyewe. Na dhuluma ikiwa ni ya jamaa nzima, kuiondoa hakuwezi kuwa wajibu wa mtu mmoja peke yake; huingia katika mambo ya fardhi kifaya, ambayo mji usipoyasimamisha, kila aliyekuwa na uwezo ana fungu lake katika taksiri hiyo.

Katika kisa mashuhuri cha Zubeir na jirani yake wa Kiansari, walioshindana juu ya mifereji ya Harra, Mtume (S.A.W.) alimpa aliye juu haki ya kunywesha kwanza, kisha akamwamrisha ayaachilie maji yamfikie jirani. Wanavyuoni wamejenga juu ya kisa hicho mlango mzima wa haki za maji. Hapana aliyehitaji siku ile kuuliza maji yataachiliwa yakiwa katika hali gani, kwa kuwa maji yapitayo katika shina za mitende hutoka kama yalivyoingia. Suala hilo limeletwa na miji.

Sharti ijulikane mto hufaje. Watu hudhani samaki huuawa na sumu ya uchafu. Mara nyingi sivyo. Ndani ya maji mna hewa iliyoyeyuka, nayo ni oksijeni, ambayo samaki huivuta kwa mashavu yake. Maji safi yenye joto la kiasi hayachukui illa kama miligramu 9 za hewa hiyo katika kila lita. Uchafu ukiingia, vijidudu visivyoonekana kwa macho huufanya chakula, navyo vinapokula huvuta hewa ile ile. Maji taka ya mji, kwa kawaida, lita yake moja hutaka miligramu 200 hata 400 za oksijeni katika siku tano za mwanzo. Basi lita moja hula hewa ya lita ishirini, au arubaini, za mto. Samaki hufa kwa kukosa pumzi, kama watu waliofungiwa wengi katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Na vijidudu hivyo havina kosa; vyafanya kazi ya kusafisha. Mto ukiachwa usizidishiwe, baada ya mwendo mrefu, huweza kuumaliza uchafu na kurejewa na hewa yake. Kwa hiyo mto nao ni mtambo wa kusafishia, tena wa kale kuliko yote. Aibu yake ni moja: watu na wanyama wanaishi ndani ya mtambo huo, na huchota humo humo.

Waliolijua jambo hili kwa gharama kubwa ni watu wa London, na kisa chao chamfaa mtu wa pwani kwa kuwa ndani yake mna maji kujaa na maji kupwa. Mwaka 1858, wakati wa joto kali, Mto Thames ulinuka hata wajumbe wa Bunge, ambalo liko ukingoni mwake, wakashindwa kukaa. Mapazia ya madirisha yakaroweshwa dawa ya chokaa ili kuuzima uvundo, na chokaa nyingi ikamwagwa mtoni. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuua watu zaidi ya 14,000 mjini humo katika mwaka 1849, wala Bunge halikufanya haraka. Uvundo ulipofika puani mwa wenye amri, sheria ilipitishwa kwa muda wa siku kumi na nane.

Injinia Joseph Bazalgette akajenga chini ya ardhi mifereji mikubwa, kilomita 132 za mifereji mikuu, ya kuukinga uchafu kabla haujafika mtoni na kuupeleka mashariki ya mji, Beckton na Crossness. Huko uliwekwa katika matangi mpaka maji yaanze kupwa, kisha ukafunguliwa uende nayo baharini. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na baada ya mwaka 1866 kipindupindu hakikuushika tena mji ule kama zamani. Si insafu kuidharau. Lakini kila mvuvi ajuaye bamvua na maji mafu atauliza: na maji yakijaa, je? Ndivyo ilivyokuwa. Uchafu ulikwenda na kupwa ukarudi na kujaa. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na meli nyingine karibu na pahala hapo, ikazama, wakafa watu zaidi ya 600. Na uchafu wa mji ulikuwa umefunguliwa muda mchache kabla yake, hata waliojua kuogelea waliangukia humo. Baada ya msiba huo na malalamiko mengi ndipo wakaanza kuyatuliza maji taka kwa chokaa na chumvi za chuma, tope likashuka chini, na tangu mwaka 1887 tope hilo likawa lapakiwa melini kwenda kutupwa baharini. Lilitupwa hivyo mpaka mwaka 1998. Kwanza uchafu ulitoka majumbani ukatiwa mtoni, kisha ukatolewa katikati ya mji ukapelekwa mashariki yake, kisha baharini. Umehamishwa mara tatu.

Fukahaa wa Kishafii, na miongoni mwao Suyuti katika Al-Ashbah wan-Nadhair, wameweka kanuni kuwa dhara huondolewa, kisha wakaifunga kwa kanuni ya pili: dhara haiondolewi kwa dhara mfano wake. Miaka mia na arubaini ya London ni sherehe ya hiyo ya pili.

Dawa yenyewe ilipatikana mwaka 1914 huko Manchester. Edward Ardern na William Lockett walionyesha kuwa maji taka yakipulizwa hewa, na tope lake lenye vijidudu likahifadhiwa na kurejezwa katika maji mapya, uchafu huliwa kwa saa chache badala ya siku nyingi. Njia hiyo ndiyo itumikayo leo katika miji mingi ya dunia. Na Thames, uliotajwa na wataalamu mwaka 1957 kuwa umekufa pale upitapo mjini, ulirejewa na samaki salmoni mwaka 1974, baada ya mitambo ya Beckton na Crossness kupanuliwa.

Nairobi nayo ina mitambo yake mikubwa, iitwayo ya Dandora, iliyoko Ruai mashariki ya mji. Nayo ilijengwa kwa njia nyingine, inayofaa nchi yenye jua. Kazi yake hufanywa na mabwawa. Maji taka hufika kwa mabomba, hupita kwanza katika nondo za chuma zinazozuia vitambaa na takataka, kisha pahala pa kutulizia mchanga, ndipo yaingie mabwawa yenye kina kirefu yasiyo na hewa, ambamo zito hushuka na kuoza. Hutoka humo kuingia mabwawa mapana, ambamo mwani mdogo mno, ule uyafanyao maji kuwa ya kijani, hutoa oksijeni kwa nuru ya jua, na vijidudu huivuta na kula uchafu. Na mwani nao hujilisha kwa kile vitoacho vijidudu. Mwisho huja mabwawa ya kina kifupi, ambamo jua na kukaa sana huviua vijidudu vya maradhi. Kisha maji hurudishwa mtoni. Hapana kigeni kilichofanyika humo. Ni ile ile kazi ya mto, ya mwendo mrefu, iliyokusanywa pahala pamoja penye uzio, ambapo hapana achotaye. Uchafu sharti uliwe pahala. Suala lote ni kama utaliwa ndani ya uzio au katikati ya watu.

Hapa mwanachuoni wa Kishafii ana la kusema ambalo injinia hakulitafuta. Nawawi ameeleza katika Minhaji ya kuwa maji mengi yaliyobadilika kwa najisi, mabadiliko yake yakiondoka yenyewe au kwa kuzidishiwa maji, hutahirika. Lakini yakitiwa miski au zaafarani hata harufu ya najisi isisikike, hayatahiriki, na kadhalika yakitiwa udongo au jasi katika kauli yenye nguvu, kwani haijulikani najisi imeondoka au imefunikwa. Na walioisherehesha wakasema kuondoka yenyewe ni kama kwa kukaa sana. Chokaa na mapazia ya Bunge la London ni mlango wa miski. Mabwawa ya Ruai ni mlango wa kukaa sana. Maulamaa wa zamani hawakuona mtambo wowote, na mizani waliyoiacha yapima mitambo hii bila ya kuongezwa kitu.

Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudia mwaka 1398 wa Hijra (1978), na Majmaa ya Fiqhi ya Makka mwaka 1409 (1989), walipolitazama suala la maji taka yaliyosafishwa kwa mitambo, walisimama juu ya asili hii: ikiwa najisi imeondolewa hata pasibaki athari yake katika tamu wala rangi wala harufu, maji yamerejea utahiri wake na yafaa kwa udhu. Wale wa mwanzo wakaongeza kuwa katika kunywa ni bora kujiepusha nayo panapopatikana njia, kwa kuchunga afya na kwa kuwa nafsi huyachukia.

Nyongeza hiyo ni kubwa kuliko urefu wake. Utahiri na usalama ni mambo mawili. Rangi, tamu na harufu ni alama alizopewa kila mtu, fakiri na tajiri, hazitaki chombo wala mtaalamu, na rehema yake iko hapo. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakina tamu, na risasi iliyoyeyuka majini haina harufu. Maji yaweza kufaa kwa udhu yakamwua mwenye kuyanywa. Ndiyo sababu vikawekwa vipimo vingine. Tume ya Uingereza mwaka 1912 ilitoa kipimo kilichoenea duniani: maji yatokayo mitamboni, yakiwekwa siku tano, yasile zaidi ya miligramu 20 za oksijeni katika lita, wala yasiwe na zaidi ya miligramu 30 za chembe, na hayo kwa sharti mto uwe na maji safi mara nane ya yanayotiwa. Kanuni zilizotolewa Kenya mwaka 2006 ziliweka 30 kwa 30. Na husemwa kuwa siku hizo tano zilichaguliwa kwa sababu hapana mto wa Uingereza ambao maji yake huchukua zaidi ya siku tano kufika baharini. Hiyo ndiyo fikira ya mtu wa bara: bahari ni mwisho wa hesabu. Kwa mtu wa pwani bahari si mwisho wa kitu. Ndimo mnamotoka kitoweo chake, na mtoto wake huoga humo.

Pamoja na hayo haifai kuisingizia Nairobi kila jambo. Wekundu wa Sabaki, ambao wakati wa mvua huipaka bahari ya Malindi, ni udongo wa mashamba na malisho ya bara, wala si choo cha mtu. Na mabwawa ya Ruai hayawezi kusafisha maji yasiyoyafikia: mitaa mingi ya mji haijaungwa na mabomba, na kitokacho humo huingia mtoni moja kwa moja. Tope la mabwawa nalo hujaa, na sharti litolewe; katika madhehebu haliwi tahiri kwa kukauka, basi nalo lataka pahala pake, wala si kando ya kijito kingine.

Wala mtu wa pwani asijione ametoka katika hesabu kwa kuwa yeye yuko chini ya mto. Maji taka ya Mikindani yameingia katika mikoko ya hori ya Tudor kwa miaka mingi, na hapo napo pana aliye chini: mvuvi wa nyavu ndogo, na mwanamke aokotaye kome maji yakipwa. Kisiwani Mombasa nyumba nyingi hutegemea mashimo yaliyochimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo limejaa matundu, na kisima cha jirani huenda kiko hatua chache. Shimo halionekani, na lisiloonekana halimtii mtu haya. Mwenye shimo hilo akiilaumu Nairobi, lawama yake ni ya haki, na jirani yake naye ana haki ya kumwambia maneno yale yale.

Pwani ina wakfu za visima na mabirika tangu zamani, na khabari ya Sayyidna Uthman kukinunua kisima cha Ruma na kukitoa kwa Waislamu hapana asiyeijua. Kuleta maji watu hutoa mali. Kuyaondoa yakisha kutumika hapana atoaye, kwa kuwa hapana atakaye jina lake liandikwe penye bomba la choo. Na hali katika madhehebu wakfu hautaki kitu cha kupendeza macho. Wataka manufaa ya halali, ya kitu kinachobaki. Mfereji wa mtaa, tangi la kutulizia maji yatokayo msikitini, mabomba ya kuziunga nyumba za mafakiri na mfereji mkuu, yote hayo yaingia. Tena katika hukumu za wakfu pato huanza kutumika kuuimarisha wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa yeyote. Na mitambo ya maji taka katika miji mingi hufa kwa kukosa hilo kabla ya kukosa jingine: pampu haikutengenezwa, bwawa halikutolewa tope, na maji yakapita juu yake yakatoka kama yalivyoingia.